Sakafu inang'aa, lakini nani anazima taa?

Makao mengi ya watu wazima wenye ulemavu wa akili huendeshwa kwa saa za wahudumu. Zamu ya jioni inaisha saa tatu usiku, basi ikifika saa mbili na nusu mtu wa miaka arobaini na mitano keshavishwa nguo za kulalia na taa imezimwa. Hakuna aliyepigwa. Chakula kilikuwa cha moto, dawa zimetolewa, daftari limetiwa sahihi. Mkaguzi akija asubuhi atasifu usafi, na hatakuwa amesema uongo. Ila kuna swali ambalo fomu yake haina: nani aliamua kwamba huyu mtu ana usingizi?

Mimi naona ubora wa makao haya unakaa hapo, kwenye mambo madogo ya kila siku, na unategemea zaidi ya yote kama mhudumu amekaa muda wa kutosha kumjua anayemhudumia. Mengine yote, majengo, bajeti, hata idadi ya vitanda, yana umuhimu wake lakini hayatoshi.

Historia inaniunga mkono. Willowbrook, taasisi ya serikali ya watu wenye ulemavu wa akili jijini New York, ilijengwa kwa ajili ya watu 4,000, na katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa imewasukumia ndani 6,000 hivi. Ilifungwa mwaka 1987 baada ya aibu, kesi na miaka mingi ya kuvutana. Wengi walisema tatizo ni msongamano na ukata, na kwa Willowbrook hawakukosea. Lakini ndipo ikaja Winterbourne View, karibu na Bristol, Uingereza. Kisheria ilikuwa hospitali binafsi, ingawa kwa baadhi ya waliolazwa iligeuka kuwa makazi. Vitanda 24 tu. Malipo ya wastani pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Mwaka 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kikaonyesha picha za kamera ya siri: watu wanapigwa makofi, wanabanwa sakafuni, wanamwagiwa maji wakiwa na nguo zao. Wafanyakazi 11 walipatikana na hatia na sita wakafungwa. Kinachonikera zaidi ni kwamba muuguzi mmoja mwandamizi alikuwa amekwisha kulalamika, ndani na kwa mamlaka ya ukaguzi, na hakuna aliyefuatilia hadi kamera ilipoingia.

Kwa hiyo udogo peke yake si kinga, na fedha peke yake si kinga. Sweden ilipitisha sheria mwaka 1997 ya kufunga taasisi zake kubwa za aina hii kabla ya 1999 kwisha, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unasema katika kifungu cha 19 kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Naunga mkono yote mawili bila kusita. Hata hivyo nyumba ya watu wanne inaweza kuendeshwa kitaasisi vilevile: friji ina kufuli, wote wanatoka kwa gari moja, na asiyetaka kutoka leo anasababisha wenzake wabaki.

Fikiria mtu asiyezungumza. Wiki hii ameanza kujigonga kichwa ukutani na kusukuma sahani. Mhudumu aliyekaa naye miaka atajiuliza: jino? sikio? ameenda choo lini? Anajua kwamba akiumwa tumbo hushika mkanda wa suruali, na kwamba kelele za aina fulani ni furaha tupu. Mhudumu wa kukodiwa, aliyefika jioni ileile na ataondoka asubuhi, anaandika kile anachokiona: "fujo." Kesho mwingine ataandika hivyohivyo. Baada ya fujo tatu kwenye daftari, daktari anaongeza dawa ya kutuliza, mtu ananyamaza, na jino linaendelea kuoza. Sisemi haya kwa kutia chumvi. Mwaka 2015 wataalamu wa afya ya umma walikadiria kuwa watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili nchini England walikuwa wakinywa kila siku dawa za maradhi ya akili, za sonona au zote mbili, bila kuwa na ugonjwa unaozihitaji. Mwaka uliofuata ikaanzishwa kampeni ya kuzipunguza.

Wazazi wataniambia usalama kwanza, na siwalaumu. Wengi hawana hofu kubwa kuliko ya nani atabaki na mtoto wao wakishakufa. Lakini usalama unaotokana na kumzuia mtu asiguse jiko, asitoke nje wala asipende mtu, unamwacha akiwa hajui kukataa chochote, na asiyejua kukataa ndiye windo jepesi la mhudumu mwovu.

Ukienda kutazama makao, nenda jioni na usitoe taarifa. Muulize mhudumu aliye zamu, si meneja, amefanya kazi hapo tangu lini. Mwambie akuchagulie mkazi mmoja akueleze huyo mtu anachukia nini. Akianza kukusomea faili, umeshapata jibu.

Na mamlaka za ukaguzi zingetangaza, pamoja na alama zao za usafi na kumbukumbu, takwimu moja tu kwa kila nyumba: wahudumu wangapi wa mwaka jana bado wapo. Wamiliki watapiga kelele kwamba wafanyakazi hawakai katika kazi hii. Hawakai kwa sababu mshahara ni mdogo na zamu ni ndefu, na yote mawili yapo mikononi mwa hao hao wamiliki na serikali zinazowalipa.