Kiha kinakufungulia geti, kisha kinakubakiza getini

Kasulu, mkoani Kigoma, kijana akisema anataka kazi ya haki za binadamu, nyumbani wanaelewa kambi ya wakimbizi: gari jeupe, kitambulisho shingoni, mshahara kila mwisho wa mwezi. Hawakosei sana. Tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, mashirika yanayohudumia wakimbizi ndiyo mlango ambao vijana wengi wa huku wanaujua.

Na mwenyeji ana mtaji ambao mgeni kutoka Dar es Salaam hana. Anayezungumza Kiha, lugha ya wenyeji wa huku, anasikilizana na mkimbizi Mrundi bila taabu, kwa hiyo ukalimani humfaa mapema, hata kabla ya shahada. Anakaa kwenye mahojiano ya mama aliyepotezana na wanawe njiani, anajifunza kuuliza bila kutonesha kidonda. Darasani hilo hulipati. Tatizo ni kwamba miaka mitano baadaye anaweza kuwa bado mkalimani, huku ripoti ikiandikwa na afisa aliyepandishwa na Kiingereza chake cha maandishi. Halafu mkataba ni wa mradi. Kambi ya Mtendeli, Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, hata UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilipunguza wafanyakazi.

Wapo wanaosema: achana na kambi, kuwa msaidizi wa kisheria kijijini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, na kesi hazimwishii: mirathi, mipaka ya mashamba, matunzo ya mtoto. Mfadhili akiondoka, migogoro inabaki, naye anabaki na heshima yake. Lakini msaada huo hutolewa bure. (Wanaosifia kujitolea, nimeona, mara nyingi wana mshahara.) Tena si wakili, akitaka uwakili, baada ya shahada ya sheria inambidi Shule ya Sheria, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma mjini, na kodi ya chumba juu yake.

Binti asiye na shamba la kumlisha wala shangazi wa kumpokea Dar, mimi simwambii aikatae kambi. Aende, ila asisubiri kupandishwa. Tangu mwezi wa kwanza aombe kuandika yeye mwenyewe rasimu ya ripoti ya yale aliyoyatafsiri, hata kama afisa ataifuta nusu.