Picha Tunazozifuta na Uso Tusioutaka

Mjadala kuhusu tabia ya kujipiga picha kwa simu una pande mbili zinazojulikana. Wa kwanza wanasema kwamba anayejipiga picha kila siku anajipenda kupita kiasi, na kwamba kadiri anavyoitazama sura yake ndivyo anavyozidi kujisahau. Wa pili wanajibu kwamba binadamu hajawahi kupata chombo chepesi kama hiki cha kujitazama, na kwamba mtu anayeuona uso wake ukibadilika mwaka hadi mwaka hujifunza jambo ambalo wengi waliomtangulia hawakuwa na njia ya kulijua. Naziheshimu hoja zote mbili, lakini naona zote zinaishia kwenye tendo la kupiga picha, ilhali jambo zito liko katika dakika inayofuata, pale mtu anapoamua ipi ibaki na ipi ifutwe.

Wanaolaumu hupenda kuwataja wachoraji wa zamani kama mfano wa kujitazama kwa uaminifu, na Rembrandt, Mholanzi aliyejichora tangu ujana wake hadi mwaka 1669 alipofariki, hutajwa kabla ya wengine. Sifa hiyo ni ya haki, ila haijakamilika. Mwaka 1640, akiwa na miaka 34 na jina lake likivuma, alijichora amevaa mavazi ya kifahari ya karne iliyotangulia, mkono ameuegemeza juu ya ukingo, mkao alioufuata kutoka kwenye kazi za Titian na Raphael, wachoraji wa Italia waliomtangulia. Hapo alikuwa anajitangaza, sawa na mtu wa leo anayesogea dirishani kutafuta mwanga mzuri kabla ya kuinua simu. Picha aliyoichora mwaka 1669, ambayo imo pamoja na hiyo ya kwanza katika jumba la sanaa la National Gallery jijini London, ni ya namna nyingine kabisa: ngozi ya chini ya macho imelegea, paji la uso lina mikunjo, na brashi haikujaribu kuficha chochote. Uchunguzi wa eksirei umeonyesha kwamba mwanzoni alikuwa ameichora mikono yake ikiwa imeshika brashi, kisha akabadili na kuifumbata tu. Kwangu mimi badiliko hilo lina uzito kuliko mikunjo yote, kwa sababu fundi wa miaka 63 aliiondoa mkononi alama ya ufundi wake na kuubakiza uso peke yake. Chombo kilikuwa kilekile na mtu yuleyule. Kilichobadilika ni kile alichokubali kionekane.

Upande wa utetezi nao una hoja ambayo haipewi nafasi ya kutosha. Mwaka 1977 watafiti wa saikolojia nchini Marekani waliwaonyesha watu picha zao za aina mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa kama inavyoonekana katika kioo. Wenye sura walielekea kuipenda ile ya kioo, ilhali marafiki zao walielekea kuipenda ile ya kawaida, kwa kuwa kila mmoja huvutiwa na uso aliouzoea. Ndiyo maana wengi wetu hulalamika kwamba picha imetutoa vibaya, huku rafiki aliye pembeni akishangaa, kwani yeye anaona uso uleule anaokutana nao siku zote. Kwa maana hiyo kamera hutupa kitu ambacho kioo hakitupi, yaani namna tunavyoonekana na wale tunaoishi nao. Hoja hii ni ya kweli, lakini inamfaa yule tu asiyeifuta picha kabla mshtuko haujamfundisha kitu.

Nani basi hukaa na picha hizo? Jicho limefumba nusu, mdomo umeachama katikati ya neno, shavu moja limepanda kuliko lingine: tunazifuta kwa sekunde chache, na tunabaki na ile moja ambayo jamaa zetu wangesema inatufanana kidogo tu. Sisemi kwamba mtu ana deni la kuuonyesha umma udhaifu wake. Wapo waliodhihakiwa kwa picha moja mbaya, na kwao kufuta ni kulinda heshima. Ila kuonyesha ni jambo moja na kuhifadhi ni jingine. Vivian Maier, aliyefanya kazi ya kulea watoto mjini Chicago, alijipiga picha nyingi katika vioo, madirisha ya maduka na hata kwa kivuli chake, na picha zake hazikujulikana na umma hadi zilipoanza kugunduliwa mwaka 2007. Alijitazama kwa miaka mingi bila kungoja sifa ya mtu.

Ninapozipitia zangu ambazo sikuzifuta, ipo moja niliyopigwa nikimsikiliza mtu. Nakumbuka nilijiona makini, lakini uso unaonyesha nimeshachoka na maneno yake. Hakuna picha nzuri iliyowahi kuniambia hivyo.

Jambo moja linaniweka upande wa wanaolaumu bila masharti, nalo ni programu zinazolainisha ngozi na kurekebisha taya wakati uleule picha inapopigwa. Huko mtu hapati hata nafasi ya kuchagua, kwa kuwa ile picha ambayo angeifuta, au labda angeihifadhi, haikuwahi kuwepo.