Wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wasiambiwe hesabu haiwahusu

Ukienda soko la feri hapa Mtwara asubuhi utamkuta mama anachuna ngisi, anavuta kile kijiti cha ndani kinachofanana na plastiki, wino unamwagika, na wote tuliosimama pale tunawaza mchuzi wa nazi tu. Ila huyo ngisi ana uzi wa neva mnene mpaka unauona kwa macho, na ndo huo wanasayansi Hodgkin na Huxley waliutumia kule Uingereza, 1952 wakatoa ikwesheni 4 za jinsi neva inavyopiga, yaani inavyorusha mshtuko wa umeme. Huxley alizikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono! Nobel wakapata 1963.

Sasa shuleni tunakaririshwa kwamba seli ya neva imetulia kwenye milivolti -70 hivi, ikichokozwa sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, basi. Sio uongo, ila hapo hujaambiwa kwanini seli ileile, ukiipa umeme kiasi kilekile, mara itulie mara ipige mfululizo. Hilo linajibiwa na hesabu. Ukizichora zile ikwesheni unaona kuna nukta ya utulivu (seli imetulia) na kuna njia ya mzunguko isiyokoma (seli inapiga mfululizo), na kwa viwango fulani vya umeme vyote viwili vipo kwa pamoja, kwahiyo seli inakaa kule ilikotokea. Ni kama zile saa za zamani za ukutani zenye kipande kinachoning'inia, usipokisukuma kimetulia tu, ukikisukuma vya kutosha kinayumba chenyewe, na ukikigusa kwa wakati wake kinasimama tena.

Na kweli hesabu ilitabiri kwamba mguso mdogo wa umeme ukija wakati muafaka unaweza kuzima neva inayopiga, halafu 1980 watafiti Guttman, Lewis na Rinzel wakaonyesha hivohivo kwenye neva ya ngisi. Mimi hapa ndo huwa nasisimka, maana kwa maneno matupu nani angewaza kwamba unaweza kuzima kwa kuchokoza?

Ndo maana naumia nikisikia mwanafunzi wa PCB anaambiwa BAM, lile somo lao la hesabu, ni ya kupita tu, akazanie kukariri baiolojia. Jamani hapana. Kilichomtesa Huxley siku nyingi, leo laptop ya kawaida ya shule inamaliza kwa sekunde na programu zenyewe ni za bure, mwache mtoto wa form six abadilishe namba ya umeme mwenyewe aone ni wapi seli inaacha kutulia inaanza kupiga.