Songhai haikuangushwa na bunduki peke yake

Kila anguko la Songhai, dola kubwa ya Afrika Magharibi, linapotajwa, hadithi huwa ileile: tarehe 13 Machi 1591, pale Tondibi karibu na Gao, askari wa Moroko wenye bunduki walikutana na watu wa mikuki na mishale, na dola ikaishia hapo. Siikubali hadithi hiyo. Inawafanya watu wa Songhai waonekane kama walikaa tu wakingoja kuja kupigwa.

Songhai ilikuwa dola ya mto. Mitumbwi ilipanda na kushuka Niger ikibeba nafaka na samaki wakavu, ikaunganisha Gao, Timbuktu na miji ya juu ya mto kama Djenné. Kutoka jangwani ngamia walileta mabamba ya chumvi kutoka machimbo ya Taghaza, kutoka kusini ikaja dhahabu. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Taghaza mwaka 1352 enzi za Mali, dola iliyotangulia Songhai, alikuta nyumba na msikiti vimejengwa kwa chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, na waliochimba chumvi hiyo ni watumwa. Hilo tusilifiche tunapojivunia utajiri wa dola zile.

Mfalme wa Songhai, Sunni Ali, aliitwaa Timbuktu mwaka 1468. Askia Muhammad (Askia ndicho kikawa cheo cha wafalme) akanyakua kiti mwaka 1493, akaenda Hija, akaipanga nchi kwa majimbo yenye magavana. Ila suala la nani amrithi halikupata dawa. Mwaka 1528 alipinduliwa na mwanawe mwenyewe, Musa, naye mzee keshapofuka. Kuanzia hapo kila mwana wa mfalme alijua kiti hupatikana kwa nguvu.

Kwangu mimi, mwaka wa kukumbukwa ni 1588, si 1591. Askia Dawud alikuwa amefariki mwaka 1582, na wanawe wakawa wanapokezana kiti kwa kuviziana. Mwaka 1588 mmoja wao, Sadiq, aliyekuwa na cheo cha kijeshi cha Balama huko Kabara, bandari ya Timbuktu, aliinua majeshi ya magharibi na kuyaelekeza Gao. Wakubwa wa Timbuktu wakamuunga mkono. Akashindwa, na ndugu yake Ishaq wa Pili akawaadhibu waliomfuata. Nusu ya dola ikabaki na majeraha na kinyongo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Miaka mitatu baadaye ndipo Judar Pasha, kamanda wa jeshi la Moroko, akatokea, baada ya kuvuka jangwa na watu wapatao 4,000. Baada ya Tondibi, Ishaq alitaka amani kwa dhahabu ya uzito wa mithkali 100,000 na watumwa 1,000. Judar aliyaona mazingira ya Gao akamwandikia Sultani wa Moroko, Ahmad al-Mansur, kwamba nyumba ya mkuu wa wenye punda kule Marrakesh ni bora kuliko jumba la Askia. Sultani alikasirika, akamtuma Mahmud Pasha achukue nafasi yake.

Na nduguze Ishaq walifanya nini? Walimwondoa mwaka uleule, wakamweka Muhammad Gao, aliyekwenda kujadiliana na Mahmud, akakamatwa na kuuawa.

Kinachoniuma zaidi ni Timbuktu. Mwaka 1593 wanazuoni wake walikamatwa, wengine wakapelekwa Marrakesh kwa minyororo. Mmoja wao, Ahmad Baba, alisema alipoteza vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote za jamaa zake. Alirudi nyumbani mwaka 1608.

Anayesema bunduki ndizo zilizomaliza kila kitu anieleze habari za Dendi. Katika eneo hilo, sehemu ya chini ya mto Niger, Askia Nuh alikusanya waliobaki, akaacha kupigana uwandani, akawavizia Wamoroko vichakani na kwenye majimaji kwa miaka kadhaa. Bunduki zilikuwa zilezile za Tondibi, na Dendi hawakuiteka.