Simba wa Pasua Anakula Mapupu, Mimi Mchicha

Mimi ni fundi viatu. Meza yangu iko karibu na soko la Mbuyuni, na kazi ikinizidi nabeba viatu vya wateja hadi nyumbani Pasua nikamalizie usiku. Sasa nikuulize: katika Moshi yote, yule mbwa anayependa ngozi kuliko mbwa wengine wote kaenda kufugwa na nani? Na mimi.

Anaitwa Simba. Jina nilimpa nikiwa bado na matumaini.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Asubuhi nikishatoka, Simba anashusha kiatu cha mtu na kukitafuna taratibu, kama mzee na muwa wake. Jioni narudi, nakikuta kimebaki visigino. Naita kwa sauti ya asali: "Simba! Njoo, njoo baba!" Anakuja mbio, mkia unacheza. Akifika tu namkamata shingo, namchapa kwa kiatu kile kile alichokitafuna. Wiki mbili hazikuisha, nikisema "njoo" Simba anashika njia ya Majengo. Nikajua ni kiziwi. Nikaongeza sauti, njoo-njoo-njoo-njoo, mpaka bodaboda wa pale kona wakawa wanakuja wao.

Akirudi usiku anajibanza ukutani, mkia kaufyata, masikio chini, ananitazama kwa pembeni. Nikamwambia mke wangu, "Mama Neema, unamwona? Anajua alichofanya."

Neema anasoma mifugo kule Tengeru. Alikuja likizo, akanitazama siku mbili kimya, ya tatu akasema, "Baba, samahani, ila hapa anayekosea si Simba." Kusomesha mtoto kuna gharama ambazo hawaziandiki kwenye fomu ya ada.

Akanieleza. Kiatu kimeliwa saa tatu asubuhi, kipigo kimekuja saa kumi na mbili jioni. Mbwa hawezi kuunganisha hayo mawili. Anachounganisha ni kuitwa na kupigwa. Na ile sura ya hatia? Kuna mtafiti mmoja wa New York, Alexandra Horowitz, mwaka 2009 alitoa utafiti wa mbwa 14. Wenye mbwa waliambiwa mbwa wao kala kitu alichokatazwa, na mara nyingine walikuwa wanadanganywa tu. Mbwa akifokewa, sura inatoka ile ile hata kama hakugusa kitu. Si kukiri kosa, ni kumwogopa aliyesimama mbele yake. Sikubisha. Sura hiyo naifahamu, naivaa kila tarehe 1 mwenye nyumba akigonga geti.

Basi viatu vikapandishwa juu ya kabati, Simba akapewa mfupa wake wa kutafuna, na mimi nikatumwa buchani kununua mapupu. Yanachemshwa, yanakatwa vipande kama punje za mahindi. Mbwa akitii, kipande kinamfikia pale pale, pamoja na neno "hodari!" Ukichelewa akaanza kujikuna, umemzawadia kwa kujikuna. Somo ni dakika tano, basi, na amri unaitamka mara moja.

Amri gani sasa? Hapo kikawaka. Mimi nasema "kaa". Mke wangu anasema "keti", ndiyo adabu. Mdogo wake Neema anasema "siti" kama yuko kwenye sinema. Mama yangu mzazi, aliyeshuka kutoka Kibosho kutibiwa mguu, anamsemesha Kichagga, na ndiye pekee aliyekuwa akisikilizwa! Kumbe alikuwa anamwangushia mifupa chini ya meza siku zote. Neema akapitisha "kaa". Bibi hakupinga, ila mpaka leo anaendelea na lugha yake na matokeo yake ni mazuri kuliko yangu.

Kilichoniuma zaidi ni habari ya usiku. Saa nane Simba anabweka, nami kwa usingizi namtupia bonge la ugali dirishani anyamaze. Neema akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, na hiyo ni zawadi." Yaani miezi minne nimekuwa nikimlipa mbwa mshahara wa kunikosesha usingizi! Nikaacha. Usiku wa kwanza bila ugali alibweka mara mbili ya kawaida, akidai malimbikizo. Neema alikuwa ameshanionya kwamba itapanda kwanza ndipo ishuke, na nikilegea nikatupa hata tonge moja nimemfundisha kubweka kwa bidii. Nikafunika kichwa na mto. Jirani naye alinipigia simu mara tatu, naye nikampuuza kwa kanuni hiyo hiyo.

Sasa hivi nikiita mara moja, Simba huyo. Anakaa bila kuguswa. Lakini mfuko wa shati langu unanuka mapupu, na jioni nikitoka Mbuyuni nasindikizwa na mbwa koko wa kata mbili.

Na wivu ninao, sifichi. Mwaka wa ishirini huu naingiza unga ndani ya nyumba hii, sijasikia "hodari" hata moja. Juzi Jumamosi nikatengeneza bawaba ya geti iliyokuwa ikipiga kelele tangu Krismasi. Neema akapita na bakuli lake, akasukuma geti, likafunguka kimya. Bila hata kunitazama usoni akasema, "Hodari!" na mkono ukaninyooshea kipande.

Nilikuwa nimeshakaa.