Wakifika getini, ni wageni

Wiki iliyopita mpwa wangu aliyeko Texas, mwaka wa kwanza katika chuo cha Kikristo, aliniandikia WhatsApp usiku wa manane. "Shikamoo mjomba. Wiki ijayo kuna vijana wa kutetea haki za mashoga wanakuja chuoni kwetu. Uongozi umewaruhusu wakae mbele ya maktaba kutwa nzima. Kwenye grupu letu la wanafunzi Waafrika watu wamegawanyika. Wengine wanataka twende tukawazunguke kwa maombi, wengine wanasema siku hiyo tusionekane kabisa. Wewe ungefanyaje?"

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Nilipousikiliza mwenyewe nikaona nimezunguka mbuyu. Ndiyo maana leo naandika, kwa ajili yake na kwa vijana wengine wa kwetu walioko vyuo vya namna hiyo.

Niseme kwanza niliposimama. Nimeokoka tangu kidato cha tatu, nimelelewa na UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo Tanzania, nimekesha mikesha yote unayoijua. Kanisa langu linafundisha kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, nami ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Sikuja hapa kulibishania hilo. Ninachosema ni kwamba watu wale wakishafika getini kwenu ni wageni, na Mkristo asiyejua kumpokea mgeni hana mlango wa kumwambia neno lolote, hata liwe la kweli namna gani.

Jambo lenyewe si geni Marekani. Machi 2006 vijana zaidi ya thelathini wa shirika la Soulforce walipanda basi wakaanza safari ya karibu wiki saba kuvitembelea vyuo 19, vingi vyake vya Kikristo, pamoja na chuo cha kijeshi cha West Point. Waliiita Equality Ride, na mfano wao ulikuwa wale weusi na weupe waliopanda mabasi pamoja mwaka 1961 kwenda majimbo ya Kusini kuupinga ubaguzi. Walikwenda kuzungumzia kanuni za vyuo, zile ambazo mwanafunzi akijulikana anapenda mtu wa jinsia yake anaweza kuadhibiwa au kufukuzwa. Wengi wao walikuwa wamelelewa makanisani. Mistari mnayoijua ninyi waliijua na wao.

Kituo cha kwanza kilikuwa Liberty University kule Lynchburg, Virginia, chuo cha mhubiri Jerry Falwell. Hawakuruhusiwa kuingia, na waliojaribu wakakamatwa kwa kuvamia eneo la watu. Kwingine nako pingu zilitumika. Lakini Abilene Christian University ya Texas na Wheaton College ya Illinois waliwafungulia milango, wakakaa nao vikao na kuzungumza. Havikuwa vyuo vilivyolegea imani, na kanuni zao hawakuzibadilisha siku ile. Walichoamua ni kumsikia mtu akiwa ameketi kwenye kiti, badala ya kumsikia akiwa ndani ya gari la polisi.

Natambua kwamba chuo binafsi kina haki kisheria ya kufunga geti lake. Huo ni uamuzi wa uongozi, wala mpwa wangu hakuulizwa. Swali lake linaanza pale ambapo geti limeshafunguliwa na mtu amesimama mbele yake.

Kuna kisa cha kabla ya hapo ambacho hakijanitoka moyoni. Mwanzilishi wa Soulforce ni Mel White, mchungaji aliyewahi kumwandikia Falwell kitabu cha maisha yake, kabla ya kujitangaza kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Oktoba 1999 wawili hao walikubaliana kukutana Lynchburg, kila mmoja na watu wake mia mbili, ili wapunguze maneno makali yaliyokuwa yakiumiza watu. Mkutano ulifanyika. Lakini mpango wa kula pamoja ulifutwa, kwa sababu baadhi ya Wakristo walilalamika kwamba Biblia inakataza kula na watu wa namna ile. Watu mia nne wakaishia kunywa maji.

Andiko lililotumika ni 1 Wakorintho 5. Nendeni mlisome lote, msiishie mstari mmoja. Paulo anasema wazi kwamba hasemi habari za wazinzi wa dunia hii, maana hapo ingewalazimu kutoka duniani. Anamsema mtu "aitwaye ndugu". Hapa lazima niwe mkweli, maana mwenye hoja ya kukataa meza atanijibu kwamba watetezi hawa wengi wanajiita ndugu, wanasali, wanaimba, kwa hiyo andiko linawahusu. Sawa. Basi tuendelee na orodha yenyewe. Pamoja na mzinzi Paulo amemtaja mwenye kutamani, mlevi, mnyang'anyi, na mtukanaji. Mtukanaji yumo kwenye mstari ule ule, sahani ile ile! Yule kaka wa grupu lenu aliyeandika kwamba watu hao wapigwe mawe, na mkamwekea vidole gumba kumi na vinne, mbona chakula cha Jumapili mnakula naye?

Tena Paulo anaizungumzia nidhamu ya kanisa kwa mtu wao wanayemjua, mshirika wao, ambaye wamemlea na wanamlilia. Hakuwa akimpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ruhusa ya kumkunjia uso mtu aliyemwona dakika mbili zilizopita. Bwana wetu alilaumiwa kwa jambo moja lililowachoma sana Mafarisayo: huwakaribisha wenye dhambi, tena hula nao. Yeriko alijialika mwenyewe kwa Zakayo, na alikwenda kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja.

Sasa kuhusu hayo maombi ya kuwazunguka. Najua yanatoka wapi, maana na mimi nimezunguka watu. Kwetu kumwombea mtu ni kumpenda. Lakini mtu ambaye hakuomba kuombewa, akijikuta katikati ya vijana ishirini wenye sauti kubwa, wengine wanakemea pepo kwa lugha asiyoijua, hawezi kusikia upendo. Anatafuta pa kutokea. Muombeeni chumbani, mlango umefungwa, kama tulivyofundishwa. Mkitaka kumwombea uso kwa uso, muulizeni. Akikataa, mwambieni asante kwa kunisikiliza. Na simu ziacheni mifukoni. Uso wa mtu aliyekuja kwenu ukizungushwa kwenye magrupu hadi Dar es Salaam na Nairobi, hapo mmemweka sokoni.

Mkikaa naye, kwanza msikilizeni. Muulizeni ametoka wapi, alilelewa kanisa gani, nini kilimfanya apande basi mpaka chuoni kwenu. Sikilizeni mpaka mwisho, hata pale ambapo jibu lenu limeshawafika kooni. Akiwauliza mnaamini nini, semeni mnachoamini bila kung'atang'ata maneno. Petro alisema tuwe tayari kumjibu kila mtu, lakini akaongeza "kwa upole na kwa hofu", na hicho kipande cha mwisho ndicho tunachokisahau kila mara. Kuficha imani ili mtu akuone mstaarabu nako ni kumkosea, kwa sababu amekuja kuzungumza na watu wa kweli.

Halafu kuna mtego mmoja ambao ni wenu ninyi, vijana wa kwetu. Siku hiyo mtatafutwa. Mwandishi wa gazeti la chuo atataka Mwafrika aseme kitu. Mzungu mhafidhina atafurahi mkisema "Afrika mambo hayo hatuna", na mtetezi naye atataka mumthibitishie kwamba nyumbani kwenu ni jehanamu. Kila upande una picha, na katika picha hiyo mmeachiwa nafasi ya kusimama. Msisimame. Afrika nzima haikuwachagua kuisemea. Mkiulizwa kuhusu sheria za kwetu, semeni mnachojua: kwamba Uganda ilipitisha sheria mwaka 2023 ambayo kwa makosa fulani adhabu yake ni kifo, kwamba Tanzania adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, kwamba Mahakama Kuu ya Kenya mwezi Mei 2019 ilikataa kufuta vifungu vya aina hiyo. Mkisema hayo, msicheke wala msijisifu. Kifo na kifungo cha maisha si mambo ya mtu wa Mungu kutamba nayo mbele ya anayeyaogopa, hata kama anaamini kitendo chenyewe ni dhambi.

Na neno lenyewe tuliangalie. Bibi yangu, mtu wa Tanga, aliwaita marafiki zake mashoga. "Shoga yangu, umeamkaje?" alikuwa anamwita jirani juu ya ua, na jirani anaitikia kwa furaha. Kwa wanawake wa pwani lilikuwa neno la kupendana. Leo kijana akilisema chuoni analisema kama anatema kitu. Nimelitumia hapa kwa sababu ndilo lililotumika kwenye ujumbe wa mpwa wangu na ndilo magazeti huandika. Ila mkimwita mtu, mwiteni jina lake. Atakuwa nalo kwenye beji.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanichoma.

Nilikuwa mwaka wa pili, chuo cha Kikristo huko Midwest, majimbo ya katikati ya Marekani, na kazi yangu ya kulipia ada ilikuwa kukaa mapokezi ya jengo la wanafunzi. Mwezi wa pili, theluji inaanguka tangu asubuhi. Walikuja vijana sita na vipeperushi vyao, hawakupewa ukumbi, wakasimama kando ya barabara nje ya geti. Saa tano hivi dada mmoja mfupi, koti la bluu, glavu zimetoboka kidole cha shahada, akaingia akapangusa viatu kwenye zulia vizuri kabisa. Akasema samahani, naomba kutumia choo.

Nikamwambia choo ni cha wanafunzi.

Haikuwa kweli. Wazazi walikitumia, mafundi walikitumia, vijana wanaoleta pizza walikitumia kila siku, na mimi ndiye niliyewaonyesha mlango. Hakuna aliyeniagiza kumkatalia. Nilitaka tu ajue kwamba mimi si wa upande wake. Akasema asante, akatoka. Nilimtazama kupitia kioo akisubiri taa za barabarani ili avuke kwenda sheli ya upande wa pili, theluji ikimjaa mabegani, na taa zile zilichukua muda mrefu.

Korogwe tulikokulia, mtu akija kudai deni, mama alimpa maji ya kunywa kwanza na kigoda, halafu ndipo wakagombana. Siku moja aliyekuja alikuwa amemtukana mama sokoni mbele za watu. Maji alipewa. Nilikuwa mtoto, nikauliza kwa nini, akaniambia kiu haina makosa. Nimelelewa na mwanamke huyo, nikaenda kusoma Biblia ng'ambo, na nikamnyima mtu choo.

Jioni ile nilijihesabia kwamba nimesimama imara. Hata kwenye ushirika nilishuhudia, kwa kuficha ficha, kwamba leo Bwana amenisaidia kukataa.

Mpwa wangu, wageni hao wataondoka saa kumi na moja jioni na basi lao. Atakayebaki ni mtu anayekaa na wewe darasani, anayeimba na wewe kwaya, ambaye hajamwambia mtu yeyote. Siku hiyo yeye hatakuwa akiwaangalia wageni. Atakuwa anakuangalia wewe.

Hilo nililijua usiku wa kuamkia mahafali. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Ohio, kiongozi wa sifa kwenye ibada zetu, alikuwa anafunga masanduku. Tulikaa chumba kimoja miaka mitatu. Aliacha kukunja nguo, akakaa kitandani, akaniambia kwamba yeye ni mmoja wao, kwamba amepigana nalo tangu akiwa na miaka kumi na tatu, amefunga, ameomba, ameenda kwa washauri wawili. Halafu akaniambia kwamba alikusudia kuniambia zamani. Alikuwa amechagua hadi siku. Alikuja akakaa kwenye kochi la mapokezi, nyuma yangu, akisubiri zamu yangu iishe ili tutoke tukatembee aniambie. Ndipo yule dada mwenye koti la bluu akaingia.

"Nikasikia ulivyomjibu," akasema. "Nikapanda juu nikalala."

Nilimwomba msamaha, akanisamehe mara moja, kama mtu aliyekuwa amekwisha kunisamehe kitambo. Kisha akaniuliza kwa upole kama pengine siku ile choo kilikuwa kibovu, maana mabomba ya jengo lile yalikuwa yanaganda wakati wa baridi.

Nikamwambia hapana, kilikuwa kizima.