Mwacheni Kijana Apige Anavyopiga

Jumamosi iliyopita niliondoka kwenye uwanja wetu wa gofu na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilifika mapema, kusi tayari inatikisa minazi, nikamkuta kijana mmoja wa makedi wetu, wale wanaotubebea mifuko ya fimbo, kwenye sehemu ya mazoezi. Wanaocheza Malindi watamjua nikisema tu kwamba fimbo yake ni ayani, yaani fimbo ya chuma, namba saba kuukuu, mshikio ameufunga mpira wa tyubu ya baiskeli. Hana nyingine. Kwa fimbo hiyo hiyo hupiga masafa marefu, huchipu mipira mifupi karibu na shimo, hutoka kwenye bunka, yale mashimo ya mchanga, na siku akikosa wa kumwazima pata, fimbo ya kuusukuma mpira shimoni, huitumia hata kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo.

Swingi yake, yaani namna anavyoizungusha fimbo, kweli haifanani na ya mtu. Fimbo huondoka mbali na mwili, kiwiko cha kulia kinaruka, halafu kule juu inazunguka kama mvuvi anayetaka kutupa kimia, ndipo inashuka kwa ndani. Lakini mpira unaenda pale pale. Ukimwambia apige kumi kuelekea mnazi ule uliopinda, minane utaiokota hatua chache tu kutoka kwenye mnazi.

Sasa siku hiyo alikuwepo mgeni, mtu mwenye mfuko mzuri na simu nzuri. Amemrekodi kijana, anamwonyesha video ya polepole, amemchorea mistari juu ya mwili: huu mgongo, hiki kiwiko, hii ndiyo njia ambayo fimbo ilipaswa kupita. Nikamsikia akisema kwa sauti ya upole kabisa, "Swingi hii itupe. Ukiendelea nayo hutafika popote." Baada ya nusu saa kijana alikuwa hawezi kuugusa mpira. Anaukata juu, anachimba nyuma yake, unaruka hatua kumi na kulala. Aliponiona akainamisha macho. "Shikamoo mzee. Leo mpira umenikataa."

Mpira haukumkataa. Alinyang'anywa.

Nimecheza gofu miaka kumi na nne. Mimi si pro, mchezaji wa kulipwa, sijawahi kuwa karibu na kuwa pro, na handikapu yangu, ile namba ya kupima uwezo ambayo ikipungua ndiyo umeboreka, leo ni 15. Lakini hili nalijua kwa sababu limenigharimu. Kuna miaka mitatu nilibadilisha swingi kila mwezi. Usiku natazama video, asubuhi najaribu nilichokiona. Mwezi huu mkono wa kushoto unyooke, mwezi ujao nyonga zitangulie, mwingine kichwa kisitikisike. Handikapu ikapanda kutoka 17 hadi 22, na mgongo ukaanza kuuma mpaka nikawa nasali nimekaa. Aliyenitoa huko ni kedi mmoja mzee, Mgiriama aliyebeba mifuko tangu ujana wake, mtu wa maneno machache. Siku moja tukiwa kwenye shimo la tano, nimeshapoteza mpira wa tatu, akaniambia, "Bwana, wewe unashughulika na mkono. Mpira hauuoni mkono wako. Unauona uso wa chuma tu."

Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima, na baadaye niliposoma namna mpira unavyoruka nikakuta mzee alikuwa amesema yote. Gawanya sekunde moja vipande 2,000. Kipande kimoja tu ndicho muda ambao fimbo na mpira hugusana. Katika muda huo mpira unapokea kila kitu: mwendo, mwelekeo, mzunguko. Kiwiko kilikuwa wapi, fimbo ilipita juu ya bega gani, hayo mpira haukuambiwa. Yana maana kwa kadiri yanavyokusaidia kuufikisha uso wa fimbo, ule upande unaougonga mpira, mahali pake, kila mara, bila kujiumiza. Zaidi ya hapo ni mapambo.

Uso wa fimbo ndio unaotawala mpira unaanzia kuelekea wapi. Si njia ya fimbo, kama vitabu vya zamani vilivyofundisha. Njia inayo sehemu yake, lakini ndogo. Kinachoupinda mpira angani ni tofauti kati ya uso unapotazama na njia fimbo inapopita. Uso ukipotoka digrii moja tu, mpira wa mita 200 utatua kama mita tatu na nusu kando ya shabaha, na hapo haujaanza kupinda.

Hebu sasa tuizungumze slaisi, mpira unaopinda kwenda pembeni, kwa sababu hili ndilo donda la wengi wetu, na ndilo linalonifanya niandike kwa urefu. Mpiga mkono wa kulia anaona mpira unakata kwenda kulia, unaishia kwenye vichaka. Anafanya nini? Anageuza miguu aelekee kushoto zaidi. Ni jambo la kawaida, akili inamwambia hivyo. Lakini akielekea kushoto, fimbo nayo inapita kushoto zaidi, na uso bado uko wazi kama jana. Tofauti kati ya njia na uso imekua. Slaisi inazidi. Anageuka tena kushoto. Nimewaona watu waliocheza hivi miaka kumi, wanasimama kama wanataka kupiga mpira wa shimo la jirani, na kila mwaka wananunua draiva mpya, ile fimbo ya kupiga mbali kabisa. Wangeanza na uso wa fimbo, kwa kuitazama mikono yao jinsi inavyoushika mshikio, nusu ya ugonjwa ungepona kwa wiki mbili. Mkono wa kushoto ukigeukia kushoto sana kwenye mshikio, uso utafunguka hata uwe na swingi nzuri ya kupigia picha. Uzungushe kidogo kuelekea kulia, uone vifundo viwili au vitatu ukitazama chini, kisha piga mipira hamsini mifupi kabla hujaigusa draiva.

Hapo ndipo ninapokubali, kwa shingo upande, kwamba mwalimu ana kazi. Mshiko, msimamo, mahali pa kuuweka mpira, hayo mwalimu mzuri anayarekebisha kwa saa moja na utamshukuru maisha. Simu pia inafaa kukuonyesha umesimamaje kabla ya kupiga, kwa sababu unachokihisi na unachokifanya si kitu kimoja. Lakini kuichukua swingi ya mtu inayofanya kazi ukaivunja kwa sababu haifanani na ya kwenye video, huko sikubali.

Jim Furyk alishinda U.S. Open mwaka 2003 kwa swingi inayozunguka kule juu kiasi kwamba mtoto angecheka, na mwaka 2016 alimaliza raundi kwa mipigo 58 kwenye Travelers Championship, idadi ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake kwenye PGA Tour, ile ligi kubwa ya mapro wa Marekani. Lee Trevino alibeba mifuko utotoni, akajifundisha mwenyewe, akasimama kuelekea kushoto na kuupeleka mpira kulia maisha yake yote, akashinda meja sita, yaani yale mashindano makubwa kabisa ya gofu. Tazameni fimbo zao kwenye ile nukta ya kugusa mpira. Huko juu kila mtu ana njia yake, hapo chini wote ni wamoja.

Mama yangu ni wa Lamu, na mjomba wangu mmoja alikuwa fundi wa vyombo vya baharini kijijini Matondoni. Nilipokuwa mdogo nikipelekwa likizo nilikuwa nakaa kwenye kivuli namtazama. Hakuwa na ramani. Alipima kwa jicho, kwa kamba, kwa kiganja. Fundi wa pili, hatua hamsini kutoka kwake, alikuwa na mkono tofauti kabisa, anashika tezo ya kuchongea mbao kwa namna nyingine, anaanza mahali pengine. Mjomba hakuwahi kwenda kumwambia abadilishe mkono. Alikwenda kutazama mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Ukiwa umenyooka alisema mashallah na kurudi kwenye kazi yake. Ukiona vyaelea vimeundwa, na vimeundwa kwa mikono isiyofanana.

Jambo la pili, na hili nalo sisi watu wa pwani tuna neema ambayo wenzetu wa bara hawana: mchanga. Ayani inataka uguse mpira kwanza, ardhi baadaye. Chini kabisa ya mzunguko wa fimbo panapaswa kuwa mbele ya mpira, si nyuma yake. Wengi wetu tunachimba nyuma kwa sababu tunataka kuuinua mpira kwa mikono, tunabaki na uzito kwenye mguu wa nyuma. Uso wa ayani umeshalazwa na kiwanda ili uuinue mpira. Wewe kazi yako ni kuhamia mguu wa mbele na kupiga.

Maji yakipwa nenda ufukweni pale mchanga ulipokaza, bado una unyevu. Chora mstari kwa ncha ya fimbo, ukatishe kati ya miguu yako. Usiweke mpira. Piga mstari. Alama ya fimbo ianzie kwenye mstari na kwenda mbele. Ikianzia nyuma, umekosea, na mchanga hautakuficha. Sogea hatua, piga tena. Mistari thelathini, dakika kumi na tano, bila kulipa senti. Nimefanya hivi asubuhi tatu kwa wiki, miezi minne, upande ule ambako mchanga unametameta kwa kilicholetwa na Sabaki, na ndipo handikapu yangu ilipoanza kushuka. Hakuna video iliyonipa hilo.

Seve Ballesteros alijifundishia gofu ufukweni kwao Pedreña, Hispania, akiwa mtoto mwenye ayani namba tatu moja ya zamani. Mchanga na fimbo moja. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open. Kila ninapomwona kijana wetu na ile namba saba yake yenye tyubu ya baiskeli namfikiria Seve, na hapo ndipo moyo unaponiuma. Simaanishi kila kijana mwenye fimbo moja atakuwa Seve. Ninamaanisha kwamba fimbo moja humfundisha mtu mikono yake kitu ambacho fimbo 14 haziwezi. Anajifunza kuufungua uso, kuufunga, kupiga chini, kupiga juu, kwa sababu hana njia nyingine. Hicho ndicho mgeni alichomwambia akitupe.

Kuhusu upepo nitasema kidogo tu, kwa sababu anayecheza hapa mwezi wa saba anajua. Ukipiga dhidi ya kusi, chukua fimbo ya kwenda mbali zaidi na upige taratibu. Ukikaza, mpira unazunguka zaidi kinyumenyume, unapanda, unasimama angani na kuangukia mbele ya pua yako. Makedi wote wanalijua hili na hawalisemi mpaka waulizwe. Waulizeni.

Na wale wanaosema kwamba gofu ni kupata tu, yaani kuusukuma mpira shimoni kwa pata, mengine ni maonyesho, nao sikubaliani nao sana kama zamani. Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alipochambua mipigo kwa wingi alikuta karibu theluthi mbili za tofauti kati ya mchezaji mzuri na dhaifu zinatoka kwenye mipigo ya mbali. Sikulipenda jibu hilo, maana nilikuwa nimeshawahubiria watu kinyume chake. Lakini hata kwenye kupata tuwe wakweli: mapro wa PGA Tour kutoka futi 8 hufaulu kama nusu ya mara zao. Nusu. Mtu wa handikapu 20 anayekosa kutoka hapo na kutupa fimbo anajidhulumu.

Handikapu yenyewe, tangu mfumo wa dunia uanze mwaka 2020, inahesabiwa kwa raundi zako 8 bora kati ya 20 za mwisho. Kwa hiyo raundi mbaya moja haikuui. Anayebadilisha swingi kila mwezi ndiye anayejiua, kwa sababu hapati hata hizo nane.

Namrudia kijana. Wengi wa mapro wa nchi hii walianzia hapo alipo, chini ya mfuko wa mtu mwingine, wakijifunza kwa kutazama na kuiba dakika za mazoezi jua likizama. Hawa vijana hawana anayewalipia mwalimu. Walichonacho ni ile swingi waliyoijenga wenyewe kwa mipira elfu ya kuokota. Mtu mzima mwenye heshima zake akimwambia kijana kama huyo kwamba haifai, ataamini, kwa sababu amelelewa kuwaamini wakubwa. Atakaa mwaka mzima akitafuta kiwiko. Sisi wanachama tulikuwa pale na tukanyamaza, nami nikiwemo, nikafunga mfuko wangu na kwenda tii ya kwanza, pale pa kuanzia mchezo. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko maneno ya mgeni.

Jumapili jioni nilimpigia simu. Nikamuuliza kama mpira umerudi. Akasema bado, anajaribu kukikaza kiwiko. Nikamwambia, mwanangu, kiache kiwiko. Kesho maji yanapwa asubuhi, njoo na namba saba yako tu, mipira usilete.

Alikuja kabla yangu. Nilipofika alikuwa ameshachora mstari mmoja mrefu mchangani, kutoka majini hadi karibu na mitumbwi, na alama za fimbo zimejipanga mbele yake moja baada ya nyingine. Nikatembea kando ya mstari mpaka mwisho, nikizihesabu. Tatu tu zilikuwa zimeanzia nyuma.